Maji ya Kwanza ya Kunde

14 Desemba 2023, Alhamisi
Nimefika nyumbani Gulwe jana jioni, baada ya miaka sita kwenye kambi ya wavuvi ya Mtera. Kule kazi yangu ilikuwa kupima samaki kwenye mizani na kuandika: tarehe, mtumbwi, kilo. Tajiri amefunga kambi na kuuza mizani. Daftari la mwisho lilikuwa na kurasa nyingi tupu, nikaondoka nalo. Mkono uliozoea kuandika kila siku hautulii.

Nyumba imesimama vizuri kuliko nilivyoiacha. Mke wangu Asnath ameongeza chumba cha ghala, na ndani yake kuna magunia mawili ya kunde, moja la njugu mawe, choroko nusu gunia, na karanga. Yote ni jasho lake na la binti yetu Erica, ambaye sasa ana miaka kumi na tano na anamfikia mama yake mabegani. Nyama hakuna. Samaki ndiyo kabisa.

Nilikula sahani mbili za kunde kwa ugali wa uwele. Miaka sita nimekula perege na kambale asubuhi, mchana na jioni, nikiota kunde. Asnath aliniangalia, akaanza kusema jambo kuhusu kuloweka, na kwamba nianze kidogo kidogo. Nikamwambia mambo ya jikoni asiniletee, mimi nimezaliwa na kunde. Akaanza kukusanya vyombo.

16 Desemba
Choroko mchana, kunde jioni. Tumbo linaunguruma. Mvua bado.

17 Desemba, Jumapili
Nimetoka kanisani kabla mahubiri hayajaisha. Nilikaa benchi la tatu kutoka mbele, tumbo limejaa hewa kama mpira wa baiskeli, na ilinibidi nipite katikati ya watu wote huku nimelishika. Erica alicheka, mkono mdomoni. Mama yake hakucheka.

19 Desemba
Mvua ya kwanza. Tulipanda uwele, lakini nilishindwa kuinama. Asnath na Erica walimaliza bila mimi.

21 Desemba
Nimeanza kuandika kwa mpangilio, kama kwenye mizani. Mlo, saa, hali ya tumbo. Tumbo nalitolea alama: sifuri ni kimya, tano ni maumivu ya kushindwa kusimama wima. Wiki hii yote ni nne.

23 Desemba, Jumamosi
Leo nimeona jambo. Asnath anapika vyungu viwili. Kikubwa ni chake na Erica. Kidogo, cheusi, kilichokuwa cha marehemu mama yake, ni changu peke yangu. Kikishachemka kidogo anakiepua, anamwaga maji yake nyuma ya nyumba, anatia maji mapya na kukirudisha motoni. Kile kikubwa hamwagi.

Sikuuliza. Nimeandika.

25 Desemba
Krismasi. Kuku na wali. Alama sifuri.

28 Desemba
Kunde za chungu kidogo. Alama mbili.

30 Desemba
Njugu mawe za chungu kidogo. Amezimenya maganda moja moja, na tangu juzi zilikuwa ndani ya maji kwenye bakuli lililofunikwa. Alama mbili. Kwa nini zifunikwe?

2 Januari 2024
Mvua kutwa. Nimekaa ndani nikiwaza.

Sijawahi kuandika habari za Restuta popote, na sasa naandika. Alikuwa akikaanga samaki kambini Mtera. Miaka minne nilikula kwake, na si kula tu. Mwaka wa mwisho Asnath alinitumia ujumbe kwamba tumbo la Erica linamsumbua, nikajibu baada ya wiki tatu. Watu wa Gulwe wanafika Mtera kununua samaki. Hawakosi kusema.

Asnath hajaniuliza lolote kuhusu Mtera. Angeniuliza ningejua anachojua. Mwanamke aliyekaa miaka sita peke yake, mumewe akarudi mikono mitupu, halafu hana swali hata moja. Anatabasamu na kunipikia chungu cha peke yangu.

6 Januari, Jumamosi
Nimekwenda kwa dada Debora, ng'ambo ya reli. Yeye ndiye mkubwa wetu na tangu baba afe ndiye anayesema na kusikilizwa. Nilimwamkia, nikamweleza habari za tumbo kama mtu anavyoeleza mzaha. Hakucheka. Aliuliza nani anapika, nikasema. Akauliza kama wote tunakula chungu kimoja. Nikasema changu ni cha peke yangu.

"Kefa," akasema, "mimi sisemi kitu. Nauliza tu. Sisi watoto wa nyumba ile tumekulia kunde na mboga ya ilende. Lini mtu alitengewa chungu chake?"

Hapo nilipokaa, tumbo liliunguruma, akalisikia.

9 Januari, Jumanne
Nimemwambia Asnath kuanzia leo nitakula chungu kimoja na wao. Alikuwa anapepeta choroko. Aliweka ungo chini, akasema, "Bado mapema, Baba Erica. Ngoja hata wiki mbili."

Nikamuuliza wiki mbili za nini. Akasema za tumbo kuzoea. Nikamwambia tumbo langu halihitaji kuzoezwa kama punda, nataka kula wanachokula watu.

"Haya," akasema. "Ila usije ukanilaumu."

Naandika maneno hayo kama alivyoyasema. Usije ukanilaumu.

10 Januari
Chungu kimoja. Nne.

11 Januari
Nne.

12 Januari
Tano. Nimelala sakafuni mchana kwa sababu sakafu ni baridi. Asnath alileta maji ya moto yenye tangawizi, sikuyanywa. Yeye na Erica wamekula chakula kile kile na hawana neno. Basi dawa haimo chunguni, imo sahanini.

13 Januari
Tano. Debora amekuja kuniona, akanichukua.

20 Januari, Jumamosi
Wiki nzima kwa Debora. Wali, mayai, kuku mara mbili, dagaa. Sifuri, sifuri, sifuri, moja, sifuri, sifuri, sifuri. Nimekula, nimelala, nimetembea hadi stesheni na kurudi. Debora alitaka nimsomee alama zote, nikazisoma. Nilipofika kwenye usije ukanilaumu alinizuia na kuniambia nirudie.

"Huyo amekiri," akasema.

Mto umejaa na treni zimesimama.

22 Januari
Nyumbani. Kunde. Tano.

3 Februari, Jumamosi
Naandika yote, ingawa mkono umechoka.

Kikao alichotaka Debora kuhusu Asnath kilikaa asubuhi uwanjani kwetu, balozi wetu wa nyumba kumi, Abeli, akiwa mwenyekiti. Tulipatana na Debora kwamba wawe ndugu tu, lakini habari ilitangulia na uwanja ukajaa. Wanawake walisimama hadi barabarani na watoto wakakaa juu ya magogo. Nilihesabu hadi arobaini na mbili, halafu nikaacha. Upande wa Asnath hakukuwa na mtu. Kaka yake Yotham yuko kwao Igandu, na Debora alisema kupeleka habari kwenye tope lile ni kuchelewesha jambo.

Nilisimama na daftari. Nilisoma kuanzia tarehe 21 Desemba nilipoanza kutoa alama, nikasoma polepole kama nilivyokuwa nikimsomea tajiri hesabu za wiki. Chungu kidogo cheusi. Maji yanayomwagwa nyuma ya nyumba. Bakuli lililofunikwa. Maneno yake ya tarehe 9. Wiki ya sifuri kwa Debora. Nikaona watu wanavyotikisa kichwa kila nikitaja tarehe, na kweli nilijisikia vizuri. Ni miezi miwili sikuwa na kazi, na sasa kazi yangu ilikuwa inasikilizwa.

Abeli akampa Asnath nafasi. Alisema maji ya kwanza ndiyo yanayojaza tumbo hewa, kwa hiyo aliyamwaga. Njugu mawe alizimenya kwa sababu ganda ni gumu kwa tumbo lililokaa muda bila kunde. Alisema aliyaona hayo kwao, Yotham alipotoka kwenye ranchi alikokula nyama na maziwa miaka mitatu. Walimtengea chungu mwezi mmoja, akapona. Alizungumza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwelekeza mwenzake njia.

Watu walicheka. Mzee mmoja akasema ameishi miaka sabini na kunde hazijamdhuru. Debora akasimama.

"Wifi, hapa nani hakulia kunde? Nyoosheni mikono mliowahi kuumwa na kunde."

Hakuna aliyenyoosha. Erica alinyoosha nusu, halafu akaushusha mkono kwa sababu Debora alimwangalia.

Halafu Debora akasema lile neno. Mimi sikulisema. Naliandika hapa kwamba sikulisema. Lakini daftari lilikuwa mkononi mwangu, na lilipotamkwa sikulikataa. Mchawi.

Asnath alinigeukia mimi, si Debora.

"Baba Erica, umeandika siku zote hizo. Siku nilizomwaga maji umeandika, saa umeandika. Ulishindwa nini kuniuliza?"

Nilisema mimi nimeandika nilichokiona.

Abeli aliamua arudi kwao kwa muda mpaka mambo yatulie. Ndivyo wanavyosema siku zote, kwa muda.

4 Februari, Jumapili
Ameondoka asubuhi kwa miguu kufuata reli, kwa sababu barabara haipitiki. Alimwachia Erica funguo za ghala. Watu waliokuwa wanakwenda kanisani walihama upande wa pili wa njia. Hakuchukua chungu.

5 Februari
Erica amepika. Haongei na mimi zaidi ya shikamoo na karibu chakula.

8 Februari
Kunde, mkono wa Erica. Nne.

9 Februari
Choroko. Nne. Debora anasema dawa bado imo mwilini, itatoka taratibu.

12 Februari
Tano. Siku nane tangu aondoke.

14 Februari
Debora analeta mganga wa kienyeji Jumamosi. Anataka nijiandae. Nimemwambia sawa. Palizi imenishinda, majani yameufunika uwele.

16 Februari, Ijumaa
Nimekwenda zahanati bila kumwambia Debora. Sababu ni kwamba jana nilimwona Erica akipika kwa macho yangu mwenyewe, mwanzo hadi mwisho, nikapakua mwenyewe, nikala, na usiku tumbo likavimba vilevile. Erica hana sababu ya kunidhuru. Au anayo, lakini nilikuwa nimesimama pale.

Mganga wa zahanati ni kijana wa Kondoa anaitwa Athuman. Alinibonyeza tumbo, akapima, akauliza maswali mengi kuliko nilivyotazamia. Choo kikoje. Homa je. Nimepungua? Kisha akauliza nilikuwa wapi kabla ya Desemba.

"Mtera. Miaka sita."

"Ukila nini?"

"Samaki. Samaki na ugali."

"Kunde? Maharage?"

"Kule nani ale kunde, na samaki wapo?"

Akacheka kidogo, akaweka kalamu chini. Alinieleza kwamba tumbo lina vijidudu vyake vinavyosaidia kusaga chakula, na vile vya kunde visipopewa kunde miaka mingi hupungua. Mtu akirudi ghafla na kujaza sahani mbili, chakula kinachachuka huko chini na kutoa hewa. Anawaona kila mwaka, wanaotoka kambini, wanaotoka jeshini. Si ugonjwa. Ni wiki kadhaa, halafu linazoea, na chakula chenyewe ni kizuri kuliko nilichokuwa nakula.

"Sasa sikiliza, mzee. Mwambie mama nyumbani aziloweke usiku kucha. Zikichemka amwage maji ya kwanza, atie mengine. Njugu mawe azimenye. Wengine wa nyumbani hawana haja ya usumbufu huo, kwa hiyo akutengee chungu chako kidogo, mwezi mmoja hivi. Atakuelewa?"

Nilimwambia ataelewa.

17 Februari
Nimemfukuza mganga wa Debora langoni. Debora amenitukana mbele yake.

Nimesoma daftari tangu mwanzo. Kwenye kikao nilianza kusoma tarehe 21. Ukurasa wa tarehe 14 sikuusoma. Umo pale kwa mwandiko wangu: akaanza kusema jambo kuhusu kuloweka, nikamwambia mambo ya jikoni asiniletee.

Tena kuna alama. Kabla ya chungu kidogo, nne. Siku za chungu kidogo, mbili na mbili. Nilipokikataa, nne, nne, tano, tano. Miaka sita nilikuwa nikimkamata mvuvi aliyepunguza nusu kilo. Haya yalikuwa mbele yangu na sikuyaona, kwa sababu nilikuwa natafuta kitu kingine.

18 Februari
Nimemweleza Erica. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mama alinifundisha kupika hivyo, baba. Mimi niliacha makusudi alipoondoka, ili ujue."

Sikumpiga. Nilimletea chungu kidogo.

1 Machi
Chungu kidogo. Mbili.

10 Machi
Moja. Mvua kubwa, ukuta wa ghala umenyonya maji upande mmoja. Asnath angejua wapi pa kuziba.

19 Machi
Moja.

31 Machi
Pasaka. Ningepaswa kuwa nimekwenda Igandu wiki sita zilizopita. Kila wiki naandika sababu, leo mvua, leo palizi. Zimenitosha. Sababu ni aibu.

6 Aprili, Jumamosi
Igandu kwa pikipiki, saa mbili za tope.

Yotham alinipokea vizuri, na hilo lilikuwa gumu kuliko angenifukuza. Alileta kiti, akaniuliza habari za mvua za Gulwe. Chakula kililetwa, kunde na ugali, bakuli moja la wanaume wote. Nilikula. Yotham aliniangalia nikila, akasema kwa upole, "Shemeji, umezoea sasa?" Watoto wake walicheka. Wanajua habari yote.

Asnath alikuja baada ya chakula na kukaa kwenye mkeka, mbali. Amekonda. Nilisema niliyojiandaa kusema: zahanati, vijidudu, kwamba nilikosea. Nilisema pia habari za Restuta, ambazo sikujiandaa kuzisema.

"Za huyo nilizijua tangu mwaka wa pili," akasema. "Ningetaka kukuua kwa ajili yake ningekufuata Mtera."

Kisha akauliza kama nimekuja na daftari. Nilikuwa nalo. Akataka nisome ukurasa wa siku ya kwanza. Nikasoma. Akasema rudia, nikarudia, Yotham na mkewe wakisikiliza.

"Basi," akasema. "Lakini hapa Igandu kila mtu ananijua, hukunipunguzia kitu hapa. Kausome huo kule uliposomea mengine. Watu wale wale. Ukifanya hivyo, nitakuja mwenyewe, hutanifuata."

Nilimuahidi. Njiani kurudi tumbo lilikuwa kimya kabisa.

7 Aprili
Sifuri. Kunde za bakuli la wote.

13 Aprili, Jumamosi
Nilikwenda kwa Abeli mara tatu wiki hii ili aitishe kikao. Mara ya kwanza alisema watu wako mashambani wanafukuza ndege. Mara ya pili alisema jambo lilikwisha, kwa nini nilifukue. Mara ya tatu akakubali, saa ile ile, uwanja ule ule. Nilipita nyumba kwa nyumba mimi mwenyewe. Wote walisema watakuja. Debora alisema hatakanyaga, na kwamba sasa ni dhahiri nimelishwa limbwata.

Nilitoa mabenchi. Nilisubiri mpaka jua likawa utosini.

Walikuja watatu. Abeli, mzee yule wa miaka sabini, na mama mmoja jirani aliyekuja kuomba ungo akabaki kwa adabu. Nilisoma hata hivyo. Tarehe 14 Desemba, kisha alama, kisha maneno ya Athuman. Nilisema kwa sauti kubwa kwamba Asnath hana kosa na kwamba mimi ndiye niliyekosa. Sauti ilikwenda mpaka barabarani, na barabarani hakukuwa na mtu. Mzee akasema, "Lakini kunde hazijawahi kunidhuru." Mama jirani akachukua ungo.

20 Aprili
Erica amekwenda Igandu kumweleza mama yake. Shule imefungwa kwa mafuriko, atarudi Jumatano.

24 Aprili
Hakurudi.

29 Aprili
Yotham amekuja kuchukua nguo na madaftari ya Erica. Atasoma huko. Nilimuuliza Asnath amesema nini. Akasema kama alivyotumwa:

"Anasema walioambiwa yeye ni mchawi walijaa uwanja. Hao watatu hawatoshi kumpitisha kwenye njia ya kisimani."

Nilimwambia nitaitisha tena baada ya mavuno. Yotham akasema jaribu, shemeji. Alibeba begi begani. Nilitaka kumpa chungu kidogo ampelekee, kwa kuwa ni cha mama yake. Alikishika, akakigeuza, akanirudishia. Akasema Asnath alimwonya hilo pia, nibaki nacho, nitakihitaji.

11 Mei
Navuna kunde peke yangu. Nyingi zimepukutikia shambani. Nimepita kwa watu kuhusu kikao. Wanawake kisimani wakiniona wanaanza kuzungumza habari za mvua.

18 Mei, Jumamosi
Jioni nimepika. Nililoweka kikombe kimoja tangu jana na kumwaga maji ya kwanza nyuma ya nyumba, pale alipokuwa akiyamwagia. Sina haja ya kuyamwaga sasa, tumbo limezoea tangu Aprili, lakini ndivyo ninavyojua kupika. Chungu kikubwa nimekihifadhi ghalani. Hiki kidogo kinanitosha.

Saa moja kasoro. Kunde, ugali. Sifuri.